Jina Lako Liko Kwenye Daftari la Nani?

Tarehe 29 Januari 2025, siku chache baada ya waasi wa M23 kuingia Goma, mashariki mwa Kongo, Waromania zaidi ya 280 walivuka mpaka wakaingia Gisenyi, upande wa Rwanda. Picha zao zilizunguka kwenye simu zetu zote. Wanaume wamepanga mstari na mabegi yao, wanapekuliwa mmoja baada ya mwingine, vyeti vinaangaliwa, kisha mabasi yanawapeleka Kigali wakapande ndege ya kwao. Watu wengi wa Goma na Minova walikuwa wamezoea kuwaita "Wagner", lakini hawakuwa Warusi wala hawakutoka kwenye kampuni hiyo. Walikuwa wakandarasi, raia wa nchi ya mbali waliolipwa ili wawafunze askari wetu wa FARDC, jeshi la serikali, na kusaidia kumzuia adui asifike Goma. Siku mambo yalipoharibika, kila mmoja wao alikuwa na mtu wa kumhesabu.

Juma moja kabla ya hapo, tarehe 21 Januari, M23 walikuwa wameichukua Minova. Na Minova nako kulikuwa na raia waliokuwa wakilitumikia jeshi. Kulikuwa na madereva wa Fuso waliopakia vyakula vya askari, akina mama waliosonga bugali na kupika maharage ya kambini, vijana waliochota maji ziwani na kuyapandisha mlimani kwa bidoni za manjano, mafundi waliotengeneza pikipiki za maofisa. Kulikuwa na wengine waliokamatwa tu njiani wakitoka sokoni, wakatwishwa masanduku ya risasi. Hawa hawakupangwa mstari kwenye mpaka wowote, na hakuna basi lililowangoja. Ukiuliza leo walikuwa wangapi, na nani kati yao hajarudi nyumbani, hakuna ofisi utakayoelekezwa.

Mimi ni mtoto wa Minova na ninaandika majina yao.

Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa mizigo kwenye bandari yetu ndogo. Asiyeijua Minova na afahamu kwamba ni mji wa wilaya ya Kalehe, kwenye ufuo wa Ziwa Kivu, pale Kivu Kusini inapokutana na Kivu Kaskazini. Goma inakula kutoka kwetu: maharage, vitunguu, kabichi, mihogo, ndizi, mbuzi. Kazi yangu ilikuwa kuandika gunia la nani limeingia boti gani, uzito wake, na nani atalipokea upande wa pili. Gunia likipotea, mwenyewe alikuja juu, daftari likafunguliwa, na mtu akalipa. Watu walipanda boti lile lile juu ya magunia hayo, na majina yao hayakuandikwa popote, kwa kuwa hakuna aliyeyadai.

Mapema mwaka 2024 vita vilikata barabara ya Sake. Kila kitu kikahamia majini. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo boti MV Merdi, lililotoka Minova, lilizama likiwa karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma. Watu waliokuwa ufukweni waliliona likilala ubavu. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alitangaza kwamba lilikuwa na watu 278 na kwamba 78 wamekufa. Siku zilizofuata hesabu nyingine zikatolewa, hazikulingana na hiyo. Boti hilo sikulipakia mimi, lakini kwa kuwa nilijulikana kama mtu wa kalamu, jamaa walikuja nyumbani kwangu. "Mwandike huyu, na huyu, na mtoto wake mdogo." Niliandika. Na kwa kuwa niliandika wale wa boti, baada ya muda wakaanza kuja wengine, ambao watu wao hawakuzama. Watu wao waliondoka na askari.

Mama mmoja alifika na kadi ya mchaguzi ya mwanawe. Msomaji wa Kongo ananielewa: kwetu kadi ya mchaguzi ndiyo kitambulisho, maana kwa miongo mingi raia wa kawaida hana kadi nyingine ya taifa. Na kadi zile zilizotolewa kwa ajili ya uchaguzi wa Desemba 2023 zilifutika wino upesi sana. Nchi nzima ililalamika. Hii aliyonipa ilikuwa imebaki na kivuli tu mahali pa picha. Tuliipeleka mlangoni kwenye mwanga, tukaigeuza huku na huku, tukamulika kwa tochi ya simu. Herufi tatu za kwanza za jina zilisomeka, na nusu ya namba. Mengine alinitajia yeye mwenyewe, huku kidole chake kikipita juu ya maandishi ambayo hayakuwepo tena. Mwanawe alikuwa dereva wa Fuso ya mfanyabiashara mmoja. Ofisa mmoja alilisimamisha gari njiani kuelekea Bweremana akasema ni safari moja tu, kupeleka unga na mafuta kwa askari walio mbele. Ikawa safari ya pili, ya tatu, ikawa kazi. Hakupewa karatasi. Alipewa mafuta ya gari, mara nyingine chakula, na neno la "tutaona mwisho wa mwezi". Minova ilipoanguka, gari lilionekana likiwa tupu kando ya barabara.

"Mutoto wangu," aliniuliza yule mama nilipofunga daftari, "hii jina yake, sasa iko ya serikali ao iko yako?"

Nilimjibu kwamba ni yangu. Jibu hilo ndilo linalonisumbua, na ndilo linalonifanya niandike makala hii.

Si Kongo tu ambako majeshi hutegemea raia. Hakuna jeshi linalopigana bila dereva, mpishi, fundi, mkalimani na mbeba mzigo. Waliotunga sheria za vita walilijua hilo zamani. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949, katika kifungu chake cha 4, unawataja raia wanaofuatana na jeshi bila kuwa sehemu yake: wakandarasi wa kuleta mahitaji, wafanyakazi wa kuwahudumia askari, waandishi wa habari za vita. Mkataba unasema watu hao wawe na ruhusa ya jeshi wanalofuatana nalo, na kwamba jeshi hilo liwape kadi ya utambulisho. Mtu mwenye kadi hiyo akikamatwa katika vita kati ya mataifa mawili, anatendewa kama mfungwa wa vita: jina lake linapelekwa kwa upande wa pili, anapewa haki ya kuandikia nyumbani, na vita vikiisha anarudishwa. Katika vita vya ndani ya nchi sheria inampa ulinzi mdogo zaidi, lakini hata huko ni marufuku kumuua au kumtesa mtu ambaye hana silaha. Kadi ndiyo inayosema huyu ni nani. Asiyekuwa nayo, anayemkamata ndiye anayeamua yeye ni nani: jasusi, askari aliyevua sare, au mtu asiye na maana.

Kuhusu yule aliyekamatwa njiani na kutwishwa sanduku, sheria ni nyingine. Huyo si mkandarasi kabisa. Mkataba wa 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unakataza kazi ya kulazimishwa, na Kongo iliuridhia mwaka ule ule wa uhuru, 1960. Lakini mtu huyo naye anahitaji kuandikwa, tena kuliko wote, kwa sababu aliyemlazimisha hatamwandika kamwe. Na upande haujalishi. Jeshi la serikali limefanya hivyo, M23 wamefanya hivyo, na makundi mengine ya silaha yanayopita milimani kwetu yamefanya hivyo. Katika maeneo yaliyo chini ya M23, raia wamelazimishwa kufanya kazi kwa jina la salongo, yaani kazi ya pamoja ya jumuiya.

Nchi iliyojaribu zaidi kuwaorodhesha wakandarasi wake ni Marekani, na ilijifunza kwa gharama kubwa. Baada ya kuivamia Iraki mwaka 2003, ilijikuta ina wakandarasi karibu sawa na askari. Mwaka 2008 hesabu za jeshi lenyewe zilionyesha zaidi ya 150,000 katika Iraki peke yake, na miaka ya mwanzo hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni akina nani, wako wapi, wala wangapi wamekufa. Septemba 2007 walinzi wa kampuni ya Blackwater waliwaua Wairaki 17 katika uwanja wa Nisour, Baghdad, na Bunge la Marekani likaanza kuuliza kwa ukali zaidi: watu hawa wanahesabiwa na nani? Sheria ya ulinzi ya mwaka 2008 ikazilazimisha Wizara ya Ulinzi, ile ya Mambo ya Nje na shirika la misaada la USAID zikubaliane juu ya orodha moja. Orodha hiyo ni programu ya kompyuta inayojulikana kwa jina la SPOT. Mkandarasi anaingizwa humo jina, uraia, kampuni, mkataba na kituo chake, na humo ndimo inapotoka barua yake ya ruhusa. Barua hiyo inataja anachostahili: kupanda ndege ya jeshi, kula kantini ya kambi, kutibiwa hospitali ya kambi.

Hata hivyo wakaguzi wa Bunge hilo walisema mara kwa mara kwamba hesabu hazikamiliki. Ukiangalia ni nani waliokosekana, ni wenyeji. Huko Afghanistan vibarua na madereva wa nchi hiyo hawakuandikwa vizuri, kwanza kwa sababu intaneti ilikuwa haba, na pili kwa sababu wao wenyewe waliogopa kutoa majina. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya muda mrefu. Watu wa kwetu wananiambia maneno hayo hayo.

Majirani zetu Waganda wanazijua faida na hasara za orodha hizo kuliko sisi. Kuanzia mwaka 2005 maelfu yao walienda kulinda milango ya kambi za Wamarekani Iraki, wengi wakiwa askari wa zamani. Mwanzoni mshahara ulikuwa karibu dola 1,000 kwa mwezi. Kampuni zilipozidi kushindana, ukashuka hadi chini ya nusu yake. Lakini walikuwa na mkataba, na juu ya mkataba kulikuwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1941 inayomlazimisha mwajiri kumkatia bima kila mkandarasi wa kazi za kijeshi ng'ambo, awe raia wa nchi yoyote. Akijeruhiwa analipwa, akifa mjane wake analipwa. Familia nyingi hazikuijua haki hiyo na nyingine ziliijua baada ya miaka. Ila iliwezekana kudai, kwa kuwa jina lilikuwa limeandikwa mahali.

Na pwani ya Kenya, tarehe 5 Januari 2020, Al-Shabaab waliposhambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay, Lamu, Wamarekani watatu walikufa: askari mmoja na wakandarasi wawili. Siku chache tu zikapita, majina yote matatu yakawa yametangazwa.

Sasa turudi kwa Waromania wetu. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2023 jinsi Kinshasa ilivyoingia mikataba mwishoni mwa 2022: kampuni ya Agemira ilileta watu wa kutengeneza na kuhudumia ndege na helikopta za kivita, wengi wao kutoka Ulaya ya Mashariki, na kampuni nyingine, Congo Protection, ilileta Waromania kupitia chama cha Horațiu Potra, aliyewahi kuwa askari wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa. Mkataba mmoja ulioonwa na waandishi wa BBC ulitaja dola 5,000 kwa mwezi wakati wa kazi na 3,000 wakati wa likizo. Askari wetu wa kawaida wakati huo alipata karibu dola 100, zilipofika. Februari 2024 Waromania wawili waliuawa karibu na Sake, na serikali yao ikathibitisha vifo hivyo. Siwalaumu kwa kuwa na mkataba. Kila mfanyakazi wa vita anastahili kuwa nao. Ninachouliza ni hiki: serikali iliyokuwa na kalamu ya kuandika mkataba wa mgeni, kwa nini haikuwa na kalamu ya kumwandika dereva aliyewapelekea unga askari wake?

Wazee wa Bukavu hawakushangaa walipoziona picha za Gisenyi. Wao waliwahi kuona jambo la namna hiyo. Agosti 1967 mamluki wa Mbelgiji Jean Schramme, wakiwa pamoja na askari wa Katanga, waliuteka mji wa Bukavu wakaushika hadi mwanzoni mwa Novemba. Jeshi la Mobutu lilipowazidi nguvu walivuka mto Ruzizi kuingia Rwanda. Wazungu waliwekwa kambini, Msalaba Mwekundu ukaingilia kati, nchi za Afrika zikajadiliana juu yao miezi kadhaa, na Aprili 1968 wakasafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Wakatanga walirudishwa Kongo kwa ahadi ya msamaha. Wengi wao hawakuonekana tena. Waliondoka Bukavu pamoja, siku moja, kwenye daraja lile lile.

Tukirudi nyuma zaidi, tunafika kwa wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji, Force Publique, lilitoka upande huu wa Kivu likaenda hadi Tabora, likaingia mji huo tarehe 19 Septemba. Njia hiyo yote chakula na risasi vilikwenda juu ya vichwa vya watu, na waliotumikishwa kwa kazi hiyo walizidi laki mbili. Upande wa Waingereza, waliotoka Nairobi na pwani, wapagazi walikuwa wengi kuliko hao tena, na hesabu rasmi ya waliokufa inakaribia 95,000: kuhara, malaria, njaa, uchovu. Baada ya vita mishahara ya maelfu ambao jamaa zao hawakupatikana ilibaki bila kulipwa, na serikali zikabishana juu ya fedha hizo kwa miaka. Sanamu iliyosimamishwa Nairobi mwaka 1928 ina mpagazi kati ya watu wake watatu. Hana jina.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume hiyo ikaanza kutafuta kwenye makaratasi ya kale. Matunda yake ya kwanza makubwa yako Cape Town: mnara wenye majina 1,772 ya vibarua wa jeshi kutoka Afrika Kusini, wengi wao weusi, waliokufa barani Afrika katika vita hivyo. Kila mmoja amechongewa jina lake na tarehe ya kifo kwenye nguzo yake ya mti wa mvule. Mnara ulizinduliwa tarehe 22 Januari 2025. Ilikuwa siku moja baada ya Minova kuanguka. Kwa hiyo wakati majina ya wabeba mizigo waliokufa miaka zaidi ya mia iliyopita yalipokuwa yakisomwa kule kusini, wabeba mizigo wengine walikuwa wanapotea kwetu, na hakuna aliyekuwa akiandika isipokuwa mtu mmoja mmoja kama mimi.

Yafaa nieleze ninavyoandika, kwa kuwa huenda msomaji wa Fizi, Masisi au Ituri akataka kufanya vivyo hivyo. Jina la mtu peke yake halitoshi, maana kwetu majina yanafanana mno. Naandika jina lake lote, jina la baba, jina la mama, kijiji na chifu wake. Mwaka wa kuzaliwa, hata kwa kukadiria: "alizaliwa mwaka volkano ilipounguza Goma" inatosha, ni 2002. Alama mwilini, jino lililovunjika, kovu la kisu. Namba ya simu yake ya mwisho na ya mtu aliyekuwa naye. Kama ni dereva, gari na namba yake, kwa sababu gari mara nyingi hupatikana kabla ya mtu. Mahali alipoonekana mwisho, siku gani, na nani alimwona kwa macho yake mwenyewe. Aliyesikia kwa mwingine namwandika kando, nisichanganye. Kisha nawasomea jamaa polepole yote niliyoandika, nao wananisahihisha. Mara nyingi hapo ndipo mtu anakumbuka jambo jipya.

Sehemu ngumu ni kazi. Mtu alikuwa anafanya nini, na kwa nani. Hapo daftari linageuka kuwa kisu. Orodha ya watu waliolipikia jeshi la serikali, ikiangukia mikononi mwa aliyeliteka eneo hilo, ni orodha ya washitakiwa. Kesho serikali ikirudi, orodha ya waliobeba mizigo ya M23, hata kwa kulazimishwa, itakuwa orodha ya wasaliti. Nimewaona akina mama wakinitajia kila kitu na kunyamaza hapo tu, na nimewaelewa. Nchi kubwa zenyewe hazijaweza kulinda orodha zao. Mwaka 2021 Wataliban walipoichukua Kabul waliripotiwa kunasa vifaa vilivyohifadhi alama za vidole na macho ya Waafghani waliofanya kazi na Wamarekani. Na huko Uingereza, mwaka 2022, ofisa mmoja wa jeshi alituma kwa makosa faili yenye taarifa za Waafghani karibu 19,000 walioomba kuokolewa kwa sababu waliwatumikia Waingereza. Umma uliambiwa mwaka 2025.

Ndiyo maana kazi haiandikwi ukurasa mmoja na jina. Kurasa zimetenganishwa, ziko kwa watu wanaoaminika ambao hawakai mji mmoja, na mmoja hawezi kusoma kitu chenye maana bila mwingine. Sitasema ziko wapi, wala niko wapi ninapoandika haya. Bukavu nayo ilichukuliwa katikati ya Februari 2025, na njia ya kutoka Minova hadi huko ina vizuizi ambapo simu na makaratasi hupekuliwa. Baadhi ya jamaa waliamua mtu wao asiandikwe kabisa. Nimeheshimu uamuzi wao.

Kuna wanaoniambia kwamba orodha itakuja kutumika mahakamani. Natamani iwe hivyo, lakini Minova imeshaonja mahakama. Novemba 2012, Goma ilipochukuliwa na M23 kwa mara ya kwanza, askari wa serikali waliokimbia walifika kwetu wakabaka wanawake na wasichana na kupora nyumba. Kesi ilifanyika, na Mei 2014 hukumu ikatolewa: kati ya washitakiwa 39, wawili tu ndio waliopatikana na hatia ya kubaka. Waathirika wengi hawakuweza kusema aliyewatendea ni nani. Vikosi vilikuwa vimechanganyika, na kujua nani alikuwa wapi usiku ule ikawa kazi kubwa. Kwa hiyo ninapodai kwamba kila mtu anayefuatana na jeshi aandikwe, simtetei mpishi aliyepotea peke yake. Namtetea pia mwanamke ambaye kesho atataka kujua ni gari gani lilisimama mlangoni kwake, na nani alikuwa akiliendesha.

Ninachoomba kwa vijana wetu ni kidogo na kinawezekana leo. Ukiambiwa "ni safari moja tu", na huwezi kukataa, mwachie mtu jina la aliyekuchukua, namba ya gari na upande mnaokwenda, kabla hujapanda. Mtu huyo asiwe mmoja, wawe wawili. Kadi yako ya mchaguzi ipigwe picha kabla wino haujaondoka. Na wewe mwenye Fuso, gari lako ulilikatia karatasi zote. Andika na dereva wako pia.

Kwa wakubwa ombi ni zito zaidi. Tarehe 14 Septemba 2025, huko Doha, serikali ya Kongo na M23 walitia saini utaratibu wa kubadilishana wafungwa, na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ikapewa nafasi ya mtu wa kati wa kuhakiki nani anashikiliwa na nani anarudishwa. Utaratibu wa namna hiyo huanza na majina: kila upande unataja watu wake. Askari ana namba yake ya jeshi, kwa hiyo atatajwa. Mpishi, dereva na mchota maji hawatatajwa na upande wowote, kwa sababu hakuna upande unaowahesabu kuwa wake. Nataka pande zote mbili ziulizwe juu yao mezani pale pale: raia gani waliwafanyia kazi, kwa hiari au kwa nguvu, kuanzia siku gani, na mliwaacha wapi mlipokimbia? Majina ya watu wa Minova yapo. Jamaa zao wameniambia wako tayari kuyatoa kwa mtu atakayeahidi kwa maandishi kuyalinda, na kuwajibu.